Kidonda cha Kisu na Seli Zilizolala

Katika maandiko yanayobeba jina la Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale, mna onyo lililowatia waganga woga kwa zaidi ya miaka elfu mbili: saratani iliyojificha ndani ya mwili ni heri isiguswe, kwani wanaotibiwa hufa upesi na wanaoachwa huishi zaidi. Katika karne ya kwanza, Celsus wa Roma alilirudia onyo hilo na kulikazia. Uvimbe ukichomwa huchachamaa, aliandika. Na ukikatwa, ugonjwa hurudi hata baada ya kidonda kufunga na kovu kutokea, na mgonjwa akafa.

Watu hawa hawakuwa wajinga. Kuna kitu walikiona, ila hawakuwa na njia ya kukipima. Mwanamke aliyekatwa titi mwaka huu akafa mwaka uliofuata, aliuawa na nini? Kisu, au saratani iliyokwisha kutambaa mwilini kabla kisu hakijagusa ngozi? Swali hilo lilikaa bila jibu karne baada ya karne, na hata lilipoanza kujibiwa, kila upande ulikuta una sehemu yake ya ukweli.

Kwa muda mrefu maumivu yenyewe yalimzuia mpasuaji asiende mbali. Mwaka 1846, mjini Boston, mgonjwa alipasuliwa hadharani akiwa amelazwa usingizi kwa etha. Mwaka 1867 Joseph Lister alichapisha njia yake ya kuua vijidudu vya kidonda kwa asidi ya kaboliki. Milango ikafunguka. William Halsted wa Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, ndiye aliyeipita kwa ujasiri kuliko wote. Mwaka 1894 alitoa taarifa ya wanawake 50 aliowaondoa titi zima, misuli ya kifua iliyo chini yake na tezi za kwapani, vyote kwa pamoja. Aliamini saratani husafiri hatua kwa hatua kupitia mishipa ya limfu, kwa hiyo mpasuaji akikata kwa upana wa kutosha ataitangulia. Ni kweli kwamba kwa wagonjwa wake saratani ilirudi kifuani mara chache kuliko kwa wapasuaji wengine wa wakati ule. Lakini wengi walirudi wakiwa na ugonjwa kwenye mifupa, mapafu na ini, mahali ambapo mkono wa mpasuaji haufiki. Vizazi viwili vya wanawake waliishi na vifua vilivyobonyea na mikono iliyovimba kwa sababu ya imani hiyo ya Halsted.

Kabla ya taarifa hiyo, mwaka 1889, Stephen Paget wa London alikuwa amelitazama jambo kwa upande mwingine. Alipitia taarifa za uchunguzi wa maiti za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya matiti. Akaona kwamba ini lilikuwa limeshambuliwa mara nyingi mno, ilhali wengu, ambao nao hupokea damu tele, ulisalimika. Kama seli za saratani zingekuwa zinatua popote damu inapozipeleka, isingekuwa hivyo. Paget akasema seli hizo ni mbegu, nazo hazioti ila penye udongo unaozifaa. Wasomaji wengi wa Paget walishika neno mbegu. Mimi naona uzito wa hoja yake ulikuwa kwenye udongo, kwa sababu mtu akishakubali kwamba udongo una kauli, swali linalofuata halikwepeki: je, udongo waweza kubadilika? Na je, mkono wa daktari waweza kuwa miongoni mwa vinavyoubadilisha?

Dalili za kwanza zilitoka kwa wanyama wa maabara. Mwaka 1913 Ernest Tyzzer wa Harvard alionyesha kwamba kuukandakanda uvimbe wa panya kulizidisha vimbe mpya sehemu nyingine za mwili. Mwaka 1914 Peyton Rous, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel kwa kugundua virusi vya saratani ya kuku, alichapisha pamoja na F. S. Jones utafiti wa kwa nini saratani ya pili hupenda kuota mahali palipojeruhiwa. Walilitafuta jibu katika tishu yenyewe iliyoumia, kwamba jeraha huiandaa kupokea seli ngeni. Kazi hiyo ikakaa kwenye rafu za maktaba kwa miongo kadhaa, kwa sababu zama zile zilikuwa za kisu, na wapasuaji hawakuwa na hamu ya kusikia kwamba kidonda chao nacho ni sehemu ya ugonjwa.

Ndipo wakaja ndugu wawili wa Pittsburgh. Bernard Fisher alikuwa mpasuaji, Edwin Fisher mtaalamu wa patholojia. Mwaka 1959 walichapisha jaribio ambalo hadi leo haliwezi kurukwa katika historia hii. Walichukua seli 50 tu za saratani, kiasi kisichoonekana kwa macho, wakazidunga kwenye mshipa unaopeleka damu katika ini la panya buku. Miezi ikapita. Panya walioachwa watulie walipochunguzwa baada ya miezi mitano, maini yao yalikuwa safi, bila uvimbe hata mmoja. Lakini kundi jingine, lililodungwa seli zilezile, lilianza kufunguliwa tumbo kuanzia mwezi wa tatu ili ini likaguliwe, kisha likashonwa na kufunguliwa tena. Hao wakaota uvimbe.

Hebu tulifikirie jambo hilo. Hakuna aliyewaongezea panya hao saratani. Seli zilikuwamo ndani ya ini muda wote, hai lakini kimya, na huenda zingebaki kimya. Kilichoongezwa ni kisu na uponaji wa kidonda. Akina Fisher wakaziita seli zilizolala, na wakatoa ushahidi kwamba upasuaji unaweza kuziamsha.

Mtu mwingine angetoka hapo akatangaza vita dhidi ya upasuaji. Bernard Fisher hakufanya hivyo, na hapo ndipo ninapomheshimu zaidi. Alielewa kwamba ugunduzi wake una pande mbili. Kama seli zinaweza kuwa zimeshasafiri na kulala mbali, basi kisu hakikuzitawanya, zilitangulia. Na kama zilitangulia, kukata misuli ya kifua hadi mbavuni hakuwezi kuzifikia. Akiongoza mtandao wa hospitali za Marekani na Canada, mwaka 1971 alianza jaribio lililolinganisha upasuaji wa Halsted na upasuaji mdogo zaidi kwa wanawake zaidi ya 1,600. Wapasuaji wakubwa walimshambulia kwa maneno makali. Baada ya miaka 25 ya kuwafuatilia wagonjwa, muda wa kuishi haukutofautiana. Jaribio lililofuata, lililoanza mwaka 1976, lilionyesha kwamba kwa wengi inatosha kuondoa uvimbe na kulibakiza titi, kisha kufuatisha mionzi. Kila mwanamke ambaye leo anatoka chumba cha upasuaji na kifua chake kikiwa kizima ana deni kwa Fisher na kwa wanawake walioingia katika majaribio yale.

Upande wa pili wa ugunduzi, ule wa kuamka kwa seli, ulirudi maabara. Kati ya mwaka 1979 na 1989 Fisher na wenzake walionyesha kwamba panya akiondolewa uvimbe wa matiti, seli za saratani zilizobaki sehemu nyingine za mwili wake huongeza kasi ya kugawanyika muda mfupi tu baada ya upasuaji. Walipochukua seramu ya panya aliyepasuliwa na kumpa panya mwingine mwenye saratani, seli za huyo wa pili nazo zikachangamka. Kwa hiyo kulikuwa na kitu ndani ya damu. Na walipotoa dawa ya kuua seli kabla ya upasuaji au siku ileile, ilifanya kazi vizuri kuliko ilipocheleweshwa.

Kitu hicho ni nini? Jibu limo katika kazi ya kawaida kabisa ambayo mwili hufanya kila ngozi inapokatika. Damu huganda, na chembe sahani zinazokusanyika kuziba mishipa humwaga protini zinazoziamuru seli zigawanyike. Chembe nyeupe za damu hufika, kwanza zile za kupambana na vijidudu, kisha makrofaji, ambazo hula uchafu na kutoa ishara nyingine za ukuaji. Seli za tishu unganishi huhamia kwenye pengo na kulijaza. Mishipa mipya ya damu huchipua, maana tishu inayojengwa inahitaji chakula na oksijeni. Wakati huohuo mwili mzima uko katika msukosuko: adrenalini na kotisoli zimepanda, na askari wa kinga wanaowinda seli zisizo za kawaida wamelegea kwa siku kadhaa. Bila kazi hii hakuna mama ambaye angepona baada ya kujifungua kwa upasuaji, wala mkulima aliyejikata kwa panga. Shida ni kwamba amri ya kukua haiandikwi jina la anayetumiwa. Seli ya saratani iliyo karibu, au iliyo mbali lakini inaoshwa na damu ileile, huisikia pia.

Mwaka 1986 Harold Dvorak wa Boston aliliweka wazo hili katika makala ambayo kichwa chake kimenukuliwa na watafiti wengi tangu hapo: vimbe za saratani ni vidonda visivyopona. Alionyesha kwamba uvimbe hutumia hatua zilezile za uponaji, mishipa inayovuja, damu iliyoganda, tishu mpya, ila hatua ya mwisho ya kutulia haifiki kamwe. Mwaka mmoja kabla yake, Mina Bissell, mwanasayansi mzaliwa wa Iran aliyekuwa akifanya kazi Berkeley, alikuwa amewarudia kuku wa Rous na kuona jambo la kushangaza. Virusi vikidungwa kwenye bawa moja, uvimbe huota hapohapo, ingawa virusi vimeenea katika damu yote. Ukilijeruhi bawa la pili, nalo linaota uvimbe. Mwaka 1990 kundi lake lilionyesha kwamba si lazima hata kujeruhi. Inatosha kudunga moja ya protini zinazotolewa na kidonda.

Hadi hapo ni panya na kuku. Kwa binadamu, ushahidi ulitoka zaidi Milan, katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Italia. Romano Demicheli na wenzake walikuwa na hazina ambayo leo haiwezi kupatikana tena: kumbukumbu za wanawake 1,173 waliotibiwa kwa kuondolewa titi tu, bila dawa yoyote ya ziada. Mwaka 1996 walichapisha mchoro wa lini saratani ilirudi. Kama vimbe zilizofichika zingekuwa zinakua taratibu bila kukatizwa, mchoro ungetarajiwa kushuka kwa ulaini. Badala yake ulikuwa na vilima viwili: kimoja karibu na mwezi wa 18 baada ya upasuaji, cha pili karibu na mwaka wa tano, kisha mteremko mrefu. Demicheli, pamoja na Mmarekani Michael Retsky na mpasuaji Mwingereza Michael Baum, walieleza kwamba kilima cha kwanza ni alama ya seli zilizoamshwa na upasuaji wenyewe. Maelezo hayo bado yanabishaniwa, na ni haki yabishaniwe, kwa kuwa mchoro wa takwimu hauonyeshi seli hata moja ikiamka.

Mwaka 2003, katika taasisi hiyohiyo, Elda Tagliabue, Sylvie Ménard na wenzao walitafuta seli zenyewe. Mwanamke anapoondolewa uvimbe wa titi, mara nyingi huachiwa mrija wa kutoa majimaji yanayojikusanya kwenye kidonda. Majimaji hayo humwagwa. Wao waliyachukua, wakayaweka juu ya seli za saratani ya matiti katika maabara. Seli zikaongezeka kasi, hasa zile zilizojaa protini iitwayo HER2 juu ya utando wake, ambayo hupokea ishara za ukuaji. Wakachunguza pia wanawake waliolazimika kurudi kupasuliwa mara ya pili kwa sababu mabaki ya saratani yalibaki, na kwa wenye HER2 nyingi wakaona dalili za mgawanyiko ulioongezeka. Kisha wakatia trastuzumabu, dawa inayoishika protini hiyo, na mchocheo wa majimaji ya kidonda ukazimika.

Naliona jaribio hili kuwa kiini cha historia yote. Hapa hapakuwa tena na panya aliyefunguliwa tumbo mara kwa mara. Yalikuwa majimaji ya kidonda cha mwanamke, siku chache baada ya upasuaji wa kawaida kabisa, na ndani yake mlikuwa na amri ya kukua. La maana zaidi, amri hiyo iliweza kuzuiwa. Onyo la Celsus liliishia kwenye hofu, lakini Milan iliishia kwenye dawa.

Kazi nyingine zilifuata kwa kasi. Huko Stanford, Howard Chang na Patrick Brown walitafuta jeni ambazo huwaka wakati wa uponaji wa kidonda, wakazikuta zimewaka katika baadhi ya vimbe. Mwaka 2005 walionyesha, kwa wagonjwa 295 wa Uholanzi, kwamba wenye alama hiyo ya kidonda walifariki mapema zaidi. Mwaka 2008 watafiti wa Aviano, kaskazini mwa Italia, waliona kwamba majimaji ya kidonda yaliyochochea seli hupoteza nguvu hiyo endapo mgonjwa amepigwa mionzi palepale mezani, uvimbe ulipotolewa tu. Na mwaka 2018, katika maabara ya Robert Weinberg huko Cambridge, Massachusetts, jeraha lililofanywa mbali kabisa na seli za saratani za panya liliziachilia, kwa sababu uponaji uliwavuruga askari wa kinga waliokuwa wakizidhibiti. Dawa ya kutuliza maumivu ilipunguza madhara hayo.

Sasa ikabaki kazi ngumu kuliko zote, ya kuuliza kama haya yanaweza kumsaidia mgonjwa kitandani. Hapa matumaini yalivunjika zaidi ya mara moja. Mwaka 2010 Patrice Forget na wenzake nchini Ubelgiji walipitia kumbukumbu za wanawake 327 na kuona kwamba waliopewa ketorolaki, dawa ya maumivu, wakati wa upasuaji walirudiwa na saratani mara chache. Lakini walipofanya jaribio kamili kwa wanawake 203, dozi moja haikuleta tofauti. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2019. Mwaka huohuo jaribio la nchi nane, lenye wanawake 2,108, lililinganisha ganzi ya sehemu ya mwili na usingizi wa kawaida wa upasuaji. Saratani ilirudi kwa takriban 10 katika kila 100 kwa pande zote mbili.

Habari njema zaidi imetoka Mumbai, katika Kituo cha Tata Memorial, kwa Rajendra Badwe na wenzake. Badwe si mtu wa kukipigia kisu debe bila kufikiri. Mwaka 2015 alichapisha jaribio la wanawake 350 ambao saratani yao ilikuwa imeshasambaa mwilini: kuwaondoa titi hakukurefusha maisha, na ugonjwa wa mbali ulionekana kuendelea upesi zaidi. Kwa wagonjwa wa namna hiyo Celsus hakuwa amekosea sana. Kisha Badwe akawageukia wenye saratani ya hatua za mapema. Nusu yao walidungwa lidokeini, ganzi ileile ya kung'olea jino, kuuzunguka uvimbe, dakika 7 hadi 10 kabla ya kukatwa. Nusu nyingine walipasuliwa bila sindano hiyo. Matokeo ya wanawake 1,583 yalichapishwa mwaka 2023. Baada ya miaka mitano, asilimia 90.1 ya waliodungwa walikuwa hai, dhidi ya asilimia 86.4 ya wengine. Wakosoaji wamesema, kwa haki, kwamba kundi la pili halikudungwa hata sindano ya maji ya chumvi kwa ulinganisho, na kwamba jaribio moja halitoshi. Hata hivyo tofauti hiyo ni ya uhai wa watu, na dawa yenyewe ni ya bei ndogo.

Nimeandika haya nikijua yanaweza kusomwa vibaya. Katika Afrika Mashariki wanawake wengi wenye saratani ya matiti hufika hospitali ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne, na miongoni mwa sababu ni maneno yanayosemwa majumbani kwamba uvimbe ukiguswa na kisu husambaa. Mwanamke akisoma kuhusu panya wa Pittsburgh peke yake anaweza kudhani amepata uthibitisho. Hajaupata. Watafiti wa Yale, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2018, waliona kwamba wanawake wa saratani ya matiti walioanza na tiba mbadala, wakaacha upasuaji na tiba nyingine za hospitali, walikuwa katika hatari ya kufa zaidi ya mara tano ya wenzao waliotibiwa. Uvimbe unaoachwa ndani humwaga seli kila siku, na nao ni kidonda kisichopona. Upasuaji wa mapema ndio unaoutoa, na tiba ya mionzi, tibakemikali, dawa za homoni na trastuzumabu huzifuata seli zilizotangulia.

Wito wangu kwa hiyo ni kwa watu wawili. Dada au mama uliyeambiwa na daktari kwamba uvimbe wako ukatwe, kubali, tena upesi, na umuulize ni tiba gani itakayofuata na itaanza siku gani, kwa maana wiki zinazofuata kidonda zina uzito wake. Na kwa wapasuaji na watafiti wa hospitali za Muhimbili, Ocean Road, Kenyatta na Mulago: lidokeini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani na imo katika vyumba vyenu vya upasuaji tayari. Jaribio la Mumbai linahitaji kurudiwa, safari hii kwa kundi la ulinganisho lililokamilika. Lifanyieni hapa.